Zamu Isiyo Yake

Elspeth alimjua kwa mshindo wa miguu kabla hajamwona uso. Watu wa nchi kavu hupanda ngazi kwa miguu tu. Wilf alizipanda kwa miguu na bega, bega moja likipapasa ukuta, kama mtu anayengoja jengo zima liinamie upande mmoja.

Elspeth alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, ufagio mkononi, anafagia palipokwisha kufagiwa. Jirani yao, Bi Docherty, alichungulia mlangoni.

"We mtoto, hayo mawe yamekukosea nini? Utayafagia mpaka tuwaangukie watu wa chini."

"Naondoa vumbi tu, Bi Docherty."

"Vumbi gani hilo linalovaa kofia ya manowari?" Bi Docherty aliguna, akarudisha kichwa ndani. "Haya. Mimi kipofu, sijaona kitu."

Wilf akatokea kwenye kona ya ngazi.

Tangu asubuhi Elspeth alikuwa ameandaa maneno ya kumpokea, maneno mazuri, ya kumfaa mtu aliyerudi kutoka kwenye barafu. Yote yalimkimbia. Huyu alikuwa Wilf wake na hakuwa yeye. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Midomo ilikuwa imepasuka kwa baridi. Macho yale ya kijivu, yaliyomteka kwenye dansi ya wanamaji mwaka uliopita, yalimtazama kwa haraka, kisha yakaangukia kwenye ufagio, kana kwamba ufagio ndio aliokuja kuuposa.

"Elspeth."

"Umekonda."

"Chakula cha Teasel kinajulikana."

Teasel ndiyo iliyokuwa meli yao, manowari ndogo ya kusindikiza misafara ya meli za mizigo wakati huu wa vita. Wakubwa walikuwa wamezipa meli za namna ile majina ya maua, na wanamaji hawakuacha kuwacheka kwa hilo: ua gani hilo, walisema, linalonuka mafuta na soksi? Gavin, kaka yake Elspeth, ndiye aliyekuwa bingwa wa mzaha huo. Na Gavin ndiye aliyechukuliwa na bahari mwezi wa Desemba, juu kabisa kaskazini, na telegramu ikaletwa wakati mama yao anapiga pasi shati lake la harusi.

Harusi haikuwa ya Gavin. Ilikuwa ya Elspeth na Wilf, Jumamosi hii, Teasel ikiwa bado bandarini Greenock, Uskoti, inasafishwa boila. Baba yao alikwisha kufa zamani, na Gavin ndiye angemshika dada yake mkono kumpeleka mbele ya mchungaji. Sasa mama mwenyewe alikuwa amesema, "Nitakupeleka mimi. Mikono ninayo."

Elspeth aliuacha ufagio uanguke. Alimkumbatia Wilf, akazama katika harufu ya sufu mbichi na mafuta mazito. Akangoja mikono yake imzunguke. Ilikuja, lakini ilichelewa.

"Kabla hatujaingia," Wilf akasema juu ya nywele zake, "nina neno."

"Mama kakaanga samaki wa heringi. Wakipoa atatukaanga sisi."

"Nisikilize kwanza, mpenzi."

Alimkalisha kwenye ngazi, akakaa ngazi ya chini yake, hata akawa anaongea na magoti yake.

"Zamu ile haikuwa ya Gavin," akasema. "Ilikuwa yangu."

Ngazi zilikuwa baridi. Elspeth alihisi baridi ile ikimpanda taratibu mpaka kifuani.

"Barua ya nahodha ilisema alikuwa zamuni."

"Alikuwa. Zamu yangu. Kule juu, Elspeth, maji yakiruka yanaganda kabla hayajatua. Kamba inakuwa nene kama paja. Barafu inapanda juu ya meli, na usipoiondoa, meli inakuwa nzito kichwani, inajipindua. Kwa hiyo tunatoka kwa zamu, na mashoka na marungu, tunaipasua na kuitupa. Mimi siku ile nilikuwa na homa. Nilikuwa naona watu wawili wawili. Gavin alikuwa ametoka kumaliza zamu yake, hata kofia hajavua. Nilipotaka kuamka akanisukuma kitandani."

"Akasema nini?"

Wilf alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Wilf. Alisema nini?"

"Kule melini zamu hununuliwa kwa ramu. Ukitaka mwenzako akushikie, unampa mgao wako wa siku. Nikamwambia, chukua ramu yangu. Akasema, 'Kunywa wewe, utoe jasho.' Halafu akasema..." Aliikunja ile kofia. "Akasema, 'Lala, bwana. Nikimrudishia Elspeth maiti, atanichuna ngozi. Ameniagiza.'"

Elspeth aliona tena gati, mwezi wa Novemba, mvua ya upepo, na Gavin na mfuko wake begani. Alimwona akicheka. Akajisikia mwenyewe akimvuta kaka yake ukosi na kumwambia: Gavin, huyu Wilf ana kifua kibovu, unakijua. Mwangalie. Niahidi utamwangalia. Na Gavin, aliyekuwa haahidi kitu bila malipo, akasema, Haya, haya, nitamlea bwana wako kama yai.

Alifunga mdomo kwa kiganja.

"Wimbi lilikuja kwa nyuma," Wilf akasema. "Walikuwa watatu. Wawili walishika kamba."

"Umemwambia nani?"

"Melini wanajua wote. Huku bara, wewe. Na sasa nataka kumwambia mama."

"Hapana!" Aliikamata mikono yake yote miwili. "Baada ya Jumamosi. Wilf, nakuomba. Tufunge ndoa kwanza. Akijua leo hakuna harusi, na Jumatatu mnaondoka, na ukirudi..." Hakusema usiporudi. "Baada ya Jumamosi nitamwambia mimi."

"Nitakulaje chakula chake?"

"Kama mtu mwenye njaa."

Mlango wa juu ukafunguka. "Elspeth!" sauti ya mama ikashuka. "Mlete mwanangu ndani, usimmalizie ngazini!"

Wilf aliinamisha kichwa. Neno mwanangu lilimpiga hata Elspeth akaliona linavyompiga.

Jikoni kulikuwa na joto, madirisha yametoa jasho. Bi Rennie, mama yake Elspeth, alikuwa mfupi, mnene wa mikono, amevaa nyeusi tangu Desemba. Alimshika Wilf uso kwa vidole vyenye unga wa shayiri, akamtazama kwa muda mrefu, kama anayetafuta mtu mwingine nyuma yake.

"Hawakulishi," akasema.

"Wananilisha, mama."

"Wanakulisha nini, kamba za meli? Kaa."

Kwenye kiti cha karibu na moto alikuwa mama mkubwa Teenie, dada yake Bi Rennie, mjane wa mwanamaji wa vita vya kwanza, mwanamke aliyeona kila jambo na kulisema. Tangu mwanzo alikuwa hataki posa hii. Mwingereza, alisema, tena mwanamaji: kasoro mbili kwa mtu mmoja.

"Shikamoo, mama mkubwa," Wilf akasema.

"Marahaba. Umekuja mzima, naona. Wengine hawakupata bahati hiyo."

"Teenie," Bi Rennie akasema.

"Nimesema nini? Nimemsifu."

Waliketi. Heringi waliletwa, na viazi, na chai. Kwenye kabati ilisimama keki ya harusi, imefunikwa kitambaa. Nyumba nane za jengo lile zilikuwa zimetoa sukari na siagi yao ya mgao ili ipatikane, na Bi Docherty alikuwa ametoa yai la kweli, si la unga. Bi Rennie alikuwa anaitaja keki ile kama mtu anayemtaja mgonjwa aliyeanza kupona.

"Itakatika vizuri," akasema. "Nimeitia chai badala ya mvinyo. Hata Gavin asingejua." Aligeuza samaki asiyehitaji kugeuzwa. "Kula, mwanangu. Mbona unamtazama tu?"

Wilf alitia tonge mdomoni. Elspeth alimwona akilitafuna lile moja bila kulimaliza. Chini ya meza aliuweka mguu wake juu ya buti lake, kumwambia: vumilia.

"Unatoka mvuke kama birika," Bi Rennie akasema. "Vua hiyo sare nikutundikie motoni. Utaugua."

"Sijambo, mama."

"Nimekuuliza hali? Vua."

Wilf alimtazama Elspeth. Mtazamo ule Elspeth aliuelewa kwa kuchelewa. Mama alikwisha kumfikia, alikwisha kulikamata pindo la sare kwa nguvu za mwanamke aliyewavua watoto wawili nguo zenye matope, na sare ikapita kichwani.

Ndani yake Wilf alikuwa amevaa sweta ya rangi ya buluu iliyokolea.

Huko alikozaliwa Bi Rennie, pwani ya mashariki, kila nyumba ya wavuvi ilikuwa na nakshi yake ya kufuma, na mwanamke aliweza kuijua kazi ya mkono wake kwa mbali kama anavyojua sauti ya mtoto wake. Hii ilikuwa nakshi yake: kamba mbili, ngazi, kamba mbili. Na kwenye pindo la chini, herufi moja iliyofumwa kwa uzi uleule: G.

"Nilitaka kukurudishia," Wilf akasema. Sauti haikutoka vizuri. "Nilikuja nayo ili..."

Bi Rennie aliigusa ile herufi kwa kidole kimoja.

Aliyefuata kusema alikuwa mama mkubwa Teenie, na maajabu ni kwamba alimwambia mdogo wake kwa upole. "Ni mnada, Marion. Usishtuke. Hata mume wangu alinisimulia. Mtu akifa baharini, wenzake huziweka nguo zake mezani na kuzinunua, tena kwa bei ya juu kuliko mpya, ili mzazi apelekewe chochote. Ni heshima hiyo. Kijana ameinunua."

Uso wa Bi Rennie ulilainika polepole. "Uliinunua, mwanangu?"

Mlango huo ulikuwa wazi, mpana. Elspeth aliona Jumamosi ikiwangoja ng'ambo yake. Alilikandamiza lile buti kwa nguvu zote. Sema ndiyo. Neno moja tu, Wilf. Ndiyo.

Wilf aliutoa mguu wake chini ya ule wa Elspeth.

"Sikuinunua, mama," akasema. "Alinivika yeye."

Akasimulia. Hakujificha popote. Alisimulia homa, na kitanda, na ramu iliyokataliwa. Alisimulia Gavin alivyoivua sweta akamvika yeye anayetetemeka, kisha akachukua koti la Wilf la mvua, kwa sababu lake lilikuwa limeganda likawa gumu kama mlango. Moto ulitoa mlio jikoni. Heringi walianza kuungua na hakuna aliyewaondoa.

Bi Rennie hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza njia.

"Alitoka nje bila sweta?"

"Alikuwa na koti langu."

"Nimeuliza sweta."

"Bila sweta, mama."

"Niliifuma msimu mzima wa vuli," akasema. Hakuwa anasema na mtu. "Nilijiambia, baharini siwezi kumfuata. Lakini kifua chake kitakuwa mikononi mwangu."

"Kosa ni langu lote," Wilf akasema. "Ningeamka. Mtu akitaka anaweza kuamka."

"Toka!" Mama mkubwa Teenie alikuwa amesimama, kidole kimenyooka. "Toka nyumba ya watu! Unakaa unakula samaki wa mama wa mtu!"

Wilf alisimama. Bi Rennie alimzuia kwa kiganja, bila kumgusa.

"Ngoja. Kuna kitu hakiniingii akilini." Alimkazia macho. "Mimi nilimzaa Gavin. Namjua. Makaa ya jiko hili alikuwa hapandishi mpaka nimgombeze. Hakuwa mtu wa kujitolea, huyo. Alikuwa na moyo, lakini moyo wake ulitaka kusukumwa. Nani alimsukuma?"

"Hakuna," Wilf akasema upesi. "Alijiamulia."

"Unasema uongo."

"Alijiamulia, mama. Alikuwa rafiki yangu."

Elspeth alimwona anavyosimama, sweta ya marehemu mwilini, mabega yamejikunja kungoja kipigo, na nyuma ya mabega hayo amefichwa yeye. Akamwona Gavin amesimama vivyo hivyo, usiku, kwenye barafu, akiwa na shoka la mwenzake. Wanaume wawili walikuwa wamemshikia Elspeth zamu. Hakuweza kumwacha wa pili.

"Ni mimi," akasema.

"Elspeth, nyamaza," Wilf akasema.

"Ni mimi, mama. Pale gatini. Nilimwambia amwangalie Wilf. Nilimwahidisha. Hakutaka, akacheka, nikamshika ukosi mpaka akaahidi." Machozi yalimjia, akayaacha. "Sikumwambia Wilf amwangalie Gavin. Sikukumbuka. Nilikuwa na kaka mmoja na sikukumbuka kumwombea mtu amwangalie."

Mama mkubwa Teenie alikaa chini.

Bi Rennie aliondoa kikaango motoni. Alikiweka chini taratibu, akajipangusa mikono, kila kidole peke yake.

"Meli yenu inaondoka lini?"

"Jumatatu," Wilf akasema.

"Inakwenda huko huko?"

"Huko huko, mama."

"Na zamu zako, nani atakushikia sasa?"

Wilf alisimama wima, kama aliyeitwa mbele ya nahodha. "Mimi mwenyewe, mama."

"Usiniite mama."

Hakuipandisha sauti. Laiti angeipandisha.

"Aliyekuwa akiniita hivyo amekwenda na jina hilo," akasema. "Mimi ni Bi Rennie."

"Naam, Bi Rennie."

"Vua hiyo."

Aliivua. Chini yake alikuwa na shati jembamba, na mbavu zilionekana. Bi Rennie aliikunja sweta mikono kwa ndani, kama anavyoviringwa mtoto mchanga, akaishika kifuani. Ndipo alipomgeukia binti yake, na Elspeth akatamani angempiga.

"Jumamosi utaolewa. Watu wametoa sukari yao, na mimi siwezi kugonga milango minane kuwaeleza kwa nini. Utaolewa, na utavaa gauni, na mimi nitakaa kiti cha mbele, kwa sababu nikikaa cha nyuma wataniuliza." Alivuta pumzi. "Lakini mkono wangu sikupi. Kutoka mlangoni mpaka kwa mchungaji utatembea peke yako. Ukitembea, mtazame aliyepaswa kuwa kando yako."

"Mama..."

"Nenda ukamsindikize mgeni. Kunanyesha."

Mtaa uliteremka kuelekea bandarini, mvua imeugeuza mfereji. Giza la jioni ya Februari lilikuwa limekwisha kushuka, na hakuna taa iliyoruhusiwa kuwashwa, kwa hofu ya ndege za adui. Walitembea bila kushikana. Sare ya Wilf ilikuwa imemrudia mwilini ikiwa mbichi bado.

"Ungesema ndiyo," Elspeth akasema. "Neno moja."

"Nilijaribu. Lilikuwa mdomoni." Alisimama. "Nikaona nitalisema tena Jumamosi, mbele ya mchungaji, na sikutaka liwe limekwisha kuchafuka."

Elspeth alimtazama. Mvua ilimteremka puani, kwenye ile midomo iliyopasuka. Alimchukia, kiasi cha pumzi moja. Kisha akayashika mashavu yake yaliyoingia ndani, akaibusu midomo ile kwa nguvu hata akaonja damu, na hakujua ni ya nani.

"Bado unanitaka?" Wilf akauliza.

"Nakutaka. Mungu anisamehe, nakutaka kuliko jana."

Chini ya mtaa, kwenye mlango wa baa, mtu mmoja aliwapungia kofia. Alikuwa Boothroyd, baharia wa Teasel, jitu la Yorkshire, Uingereza, lenye masikio kama vipini vya kikombe. Ndiye angekuwa msimamizi wa bwana harusi.

"Shemeji!" akanguruma. "Ona, umemlowesha bwana harusi! Jumamosi atasimama mbele ya mchungaji anapiga chafya!" Alimtupia Wilf mkono begani, akamtikisa. "Halafu Jumatatu sitaki kuona machozi gatini. Mimi na huyu tunalala kitanda juu ya kitanda. Usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nitakuangalizia."

Elspeth alimkamata mkono wa koti.

"Usimwangalie."

"Ee?"

"Kaka Boothroyd, una mama?"

"Ninaye. Yuko kwetu Halifax, mkali kuliko nahodha." Boothroyd alianza kucheka. "Kwa nini, unataka kumposea mtu?"

"Basi usimwangalie. Akiugua, mwache augue. Zamu yake ikifika mwamshe, hata kama anaweweseka. Mwamshe asimame mwenyewe. Niahidi."

Boothroyd alimgeukia Wilf ili wacheke pamoja. Wilf hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama maji meusi ya mto Clyde, ambako Teasel ilikuwa imefungwa bila taa, ndogo kati ya meli kubwa.

"Niahidi," Elspeth akasema tena, na vidole vyake vilikuwa vimezama kwenye koti la yule mtu hata vikamuuma.

"Haya, shemeji," Boothroyd akasema taratibu. "Nimeahidi."

Alimwachia. Akaunyoosha ule mkono wa koti aliokuwa ameukunja, akaupangusa matone ya mvua.

"Jumamosi, saa nne," akawaambia wote wawili. "Msichelewe."